Barua ya wazi kwa wakuu wa urithi, bandari na duwani (forodha): daftari na pipa la maji kwanza, kamba ya kuvutia baadaye

Lubumbashi

Kwa Waheshimiwa wanaosimamia makumbusho na urithi wa utamaduni,
Kwa Waheshimiwa wanaosimamia bandari, usafiri wa maji na duwani,
Nakala kwa wabunge wa majimbo ya Haut-Katanga, Tanganyika na Haut-Lomami.

Waheshimiwa Viongozi,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Sisi ni wakusanyaji wa vyombo vya meli za zamani, mafundi wa shaba na mbao, na watunzaji wa vitu vya kale hapa Lubumbashi. Malalamiko haya tuliyaleta kwanza kwa mdomo, kisha kwa maandishi yaliyopigwa stampi ya kupokelewa, katika biro zaidi ya moja. Jibu halikuja. Ndiyo sababu leo tunayaweka mbele ya wananchi wote, bila tusi na bila kuficha neno.

Shida yenyewe ni hii. Vitu vinavyotolewa katika meli zilizozama Ziwa Tanganyika, na katika stima za zamani za mto Lualaba, vinafika mjini kwetu vikiwa vimekwisha kuharibiwa. Kengele, madirisha ya mviringo ya shaba, manometa (vipimo vya shinikizo la mvuke) za boila, taa, nanga, vipande vya mbao za sitaha: havikuwekwa majini hata siku moja baada ya kutolewa, na hakuna aliyeandika vilitoka wapi. Vinasuguliwa ving'ae, vinauzwa kimoja kimoja, na visivyopata mteja vinakwenda kwenye tanuru au kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, chini ya mizigo mingine. Ombi letu kubwa ni moja: kitu chochote kisivutwe kutoka majini kabla hakijawekewa daftari la kukiandika na chombo cha maji cha kukipokea.

Kuna wanaodhani kwamba maji yetu hayana meli za kihistoria. Tukumbushane. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta boti mbili za mahogani zenye injini, Mimi na Toutou, kila moja ya futi 40 hivi. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Elisabethville, yaani mji wetu huu, zikaendelea hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa na mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikapanda treni hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikamaliza safari kwa reli hadi Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zilikamata Kingani, meli ya Wajerumani, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa na Fifi na Mimi. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la Liemba. Waheshimiwa, waliozamisha meli ile waliiandalia siku ya kuinuliwa. Sisi leo tunainua bila kuandaa hata ndoo.

Tena maji yetu ni mtunzaji mzuri. Teredo navalis, yule kiumbe wa baharini anayetoboa mbao za meli mpaka zikabaki sega tupu, hawezi kuishi katika maji matamu. Chumvi ya Tanganyika ni ndogo sana ukiilinganisha na bahari, yenye gramu 35 hivi kwa kila lita. Na chini kabisa, kuanzia mita 100 hivi upande wa kaskazini na zaidi ya hapo upande wa kusini, oksijeni inaisha. Ndiyo maana kitu cha ziwani hutoka kikionekana kizima, chenye rangi na maandishi. Uharibifu wake unaanza kinapokutana na hewa na jua, na hapo ndipo lawama inapotuangukia sisi watu.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Vitu vinakaushwa.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo rahisi kuzuia. Mbao iliyokaa majini miaka mia imepoteza sehemu ya nyama yake ya ndani. Kinachoshikilia umbo lake ni maji yaliyojaa katika matundu yake. Ukiiacha juani kwenye gati, maji yanatoka, kuta za matundu zinaangukiana, ubao unajikunja, unapasuka, unapungua. Ukishafika hapo hakuna fundi wa kuurudisha. Njia inayojulikana ni kuuweka majini gizani, kubadilisha maji mara kwa mara ili kuvu na mwani visiote, kisha kuingiza polietilini glikoli, dawa kama nta inayoyeyuka majini, taratibu, kuanzia kiwango kidogo kama asilimia 10 na kupanda. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama 1628 na kuinuliwa 1961, ilinyunyiziwa dawa hiyo kwa miaka 17. Hatuwaombi miaka 17 kwa kila ubao. Tunaomba ubao usiwekwe juani.

Chuma kina tabia nyingine. Chuma cha kusubu, kama kile cha sehemu za boila au mizinga, huliwa na maji kwa namna ya kudanganya: madini ya chuma yanatoka, kaboni inabaki, na umbo linaonekana kamili huku kisu kinaweza kulichonga. Mnunuzi anakipiga nyundo ili kuangusha matope, na kitu kinavunjika vipande kama mkate mkavu. Hata kisipopigwa, kikikauka kinapasuka chenyewe kwa tabaka. Dawa ya kungojea ni soda ya kufulia, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Pipa la lita 200 linahitaji kilo 10. Soda kali ya watengeneza sabuni inafaa pia, gramu 20 kwa lita, yaani kilo 4 kwa pipa, lakini hiyo inaunguza ngozi na macho, na anayeitia lazima avae glavu na miwani, aanze na maji na kuongeza soda kidogo kidogo, kamwe asimwage maji juu ya soda. Ndani ya bafu hizo haitakiwi kuwekwa aluminiamu, zinki, risasi, mbao wala ngozi, kwa sababu vitaliwa.

Kwa chuma cha ziwani, bafu hiyo kazi yake kubwa ni kuzuia kutu wakati wa kungojea mtaalamu. Kwa chuma kilichotoka baharini, na kuna vinavyotufikia kutoka pwani, ni lazima pia chumvi itolewe, na hapo tunazungumzia miezi, pengine miaka. Matone machache ya nitrati ya fedha katika maji ya bafu yaliyokwisha kutiwa asidi ya nitriki yanaonyesha hali: maji yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado inatoka, badilisha bafu.

Pipa liwe la plastiki, lenye kifuniko. Pipa la chuma halifai. Shaba na chuma visikae pipa moja wala kugusana, kwa maana kimoja kitamla mwenzake. Kila kitu kifungwe kibati cha plastiki kilichokatwa kwenye bidoni, namba ikwaruzwe kwa msumari, kifungwe kwa uzi wa nailoni wa nyavu. Wino wa kalamu unafutika, waya unatia kutu. Gharama ya mambo haya ni ndogo kuliko gharama ya mkutano mmoja wenye vinywaji, na tunasema hivyo kwa heshima.

2. Mahali kilipotoka kitu panapotea.

Manometa moja ya shaba isiyo na historia ni pambo la ukutani. Manometa hiyohiyo, ikijulikana kwamba ilikuwa mita tatu kutoka kwenye boila, mshale wake umekwama kwenye shinikizo fulani, inaweza kusema kama meli ilikuwa bado na mvuke ilipozama. Kinachohitajika ni mambo sita tu: tarehe, jina la aliyekipata, alama za mahali kwa simu yenye GPS hadi desimali tano (hapo unakosea kama mita moja kwa hesabu, ingawa simu yenyewe hukosea zaidi), kina cha maji kwa kamba yenye fundo kila mita na jiwe mwishoni, hali ya sakafu ya ziwa kama ni mchanga, tope au mwamba, na picha ya kitu pande zote nne, kabla hakijaoshwa, pembeni yake pakiwa na rula.

Faida ya kuweka vitu pamoja na kuviandika ilionekana Namibia. Mwaka 2008 wachimbaji wa almasi huko Oranjemund walikuta meli ya Wareno, inayoaminika kuwa Bom Jesus iliyopotea 1533. Ndani yake mlikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, matofali ya shaba kwa tani, na meno ya tembo zaidi ya 100. Kwa kuwa meno yale hayakutawanywa, miaka 12 baadaye wanasayansi waliweza kuyapima na kuonyesha kwamba yalitoka kwa tembo wa misitu ya Afrika Magharibi, wa makundi mengi tofauti. Yangeuzwa moja moja mwaka 2008, elimu hiyo isingepatikana kamwe. Na walioyagundua walikuwa kampuni ya madini. Katanga inaelewa kampuni za madini. Sharti kama hilo linaweza kuandikwa hapa pia.

3. Usafishaji wa ndimu, asidi na mashine ya kusugua.

Ndimu na mchanga vinaifanya shaba nyeupe, yaani ile iliyochanganywa na zinki, ing'ae mchana mmoja. Pia asidi inaondoa zinki juu juu na kuacha madoa ya waridi yasiyofutika. Mashine ya kusugua inamaliza mihuri midogo ya kiwanda, namba za mfululizo, alama za patasi za fundi aliyefunga kitu hicho melini, yaani vyote vinavyoweza kutuambia ni chombo gani. Ganda la kijani au la kahawia lililotulia halina madhara. Lenye madhara ni lile la unga wa kijani mpauko linalorudi kila ukilifuta. Hilo ni kloridi, yaani chumvi, inayofanya kazi ndani, na linatibiwa kwa bafu na dawa ya benzotriazoli mikononi mwa anayejua, mwenye glavu. Kupaka nta au vanishi juu yake kabla ya kutibu ni kufungia ugonjwa ndani.

4. Tanuru.

Lubumbashi ni mji wa shaba na kila mtu hapa anajua bei ya kilo. Mvuvi wa ndagala akinasa dirisha la shaba katika wavu wake, ana mnunuzi wa vyuma chakavu anayelipa siku hiyohiyo, na upande wa pili ana biro inayomwambia arudi wiki ijayo na fotokopi. Hatumlaumu mvuvi. Wavu wake umepasuka na watoto wanataka kula. Mpaka serikali iweze kumlipa angalau bei ya siku ya kilo ya shaba, pamoja na nyongeza kwa kuonyesha mahali, kitu hicho kitayeyushwa, na hakuna semina itakayobadilisha hilo.

5. Baruti na mifupa.

Meli za 1914 hadi 1916 zilibeba mizinga midogo na risasi zake. Baruti ya zamani haifi kwa kukaa majini; nyingine inazidi kuwa na hasira inapokauka. Ganda la mzinga la shaba linalouzwa kama chombo cha maua laweza kuwa tupu, na laweza lisiwe tupu. Anayelikata kwa msumeno kwa ajili ya shaba yake hana namna ya kujua. Utaratibu uwe mmoja tu: halikatwi, halipashwi moto, halisafirishwi ndani ya basi, linarudishwa majini au kufunikwa mchanga uliolowa maji, watu wanaondolewa, wenye ujuzi wa mabomu wa jeshi wanaitwa.

Kuhusu mifupa: watu walikufa katika meli zile. Na meli za juzi pia zimelala chini. MV Mutambala ilizama Tanganyika Desemba 2014 na watu zaidi ya 100. MV Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na Kituku, Goma, katika Ziwa Kivu. Hayo ni makaburi ya ndugu zetu, na hakuna mkusanyaji mwenye heshima anayegusa kitu kutoka humo. Tunataka marufuku hiyo iandikwe waziwazi, maana tumekwisha kuona bidhaa za ajali za karibuni zikiletwa sokoni kwa jina la "vya zamani".

6. Vijana wanaozamia kwa kompresa.

Kompresa ya kupakia rangi inasukuma mafuta na, ikiwekwa karibu na bomba la moshi, inasukuma moshi wa sumu moja kwa moja mapafuni. Kijana analegea chini bila kujua sababu. Anayepanda haraka kutoka mita 30 anapatwa na mapovu katika damu, na Tanganyika iko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, ambapo hata majedwali ya kuzamia ya kawaida hayafai. Yanayotakiwa ni yale ya nyanda za juu, ambayo huanza kutumika tangu mita 300. Wanaowatuma wako nchi kavu.

7. Vibali bila fedha za kutunza, na malipo kwa sehemu ya mali.

Nchi yetu iliridhia mwaka 2010 Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi wa utamaduni ulio chini ya maji. Mkataba huo unahusu vitu vilivyokaa majini angalau miaka 100. Hedwig von Wissmann ilitimiza umri huo mwaka 2016. Kanuni yake ya kwanza inasema kuacha kitu mahali kilipo ndilo chaguo la kufikiriwa mbele ya mengine. Ya 2 inakataza kuufanya urithi huo bidhaa ya biashara. Ya 17 inataka fedha za hatua zote, pamoja na utunzaji na uandishi, ziwe zimepatikana kabla kazi haijaanza. Ya 33 inataka mkusanyo ubaki pamoja. Basi kampuni ikija na barua inayosema italipwa kwa asilimia ya vitu itakavyoinua, barua hiyo inapingana na kanuni mbili kwa wakati mmoja, ya pili na ya 33. Tumeona duniani mwisho wa njia hiyo. Kaure za Geldermalsen, meli iliyozama 1752, ziliuzwa kwa mnada Amsterdam mwaka 1986, vipande zaidi ya 100,000, na meli yenyewe haikuchunguzwa inavyopaswa. Sarafu karibu 600,000 za Nuestra Señora de las Mercedes zilipelekwa Marekani 2007 na kampuni ya uokoaji. Mahakama ikaamuru zirudi Hispania, na zikarudi 2012. Kampuni ilipoteza gharama zake zote.

Karibu zaidi na sisi, Mombasa ilichagua vingine. Meli ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Kuanzia 1977 ilichimbwa kwa mpangilio chini ya maji, vitu vyake vikatibiwa na kuwekwa katika makumbusho ya ngome hiyohiyo, na mbao za meli zikapimwa, zikachorwa, zikaachwa chini ya bahari. Mtoto wa Mombasa anaweza kwenda kuviona vitu hivyo leo. Mtoto wa Kalemie au wa Lubumbashi aende wapi?

8. Vitu vya uongo.

Hili tunalisema kwa ufupi, ingawa linatuuma sisi wakusanyaji. Pasipo daftari, kengele mpya inaandikwa jina la meli ya 1916 na kuuzwa kwa dola. Mafundi wetu wa shaba ni hodari, na India inatengeneza madirisha ya meli na vyombo vya unahodha vya pambo kwa wingi. Angalieni uchakavu: kengele ya kweli imelika sehemu moja ndani, pale ulimi ulipopiga miaka yote, ya uongo imechakaa sawasawa kila mahali. Rangi ya kijani iliyopakwa inatoka kwa kitambaa chenye asetoni. Lakini ushahidi ulio bora kuliko macho yetu ni karatasi ya siku kitu kilipotoka majini.

Waheshimiwa, tunajua majibu tuliyowahi kusikia pembeni, na tunayajibu mapema.

Mtasema hakuna fedha. Hatukuomba jengo. Kituo cha kupokelea kinahitaji mapipa kumi ya plastiki ya lita 200, matangi mawili ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma, mfano wa yale yanayoleta kemikali kwenye migodi lakini mapya au yasiyowahi kubeba kemikali, paa la kivuli, mizani, kilo 50 za soda, glavu, madaftari, simu moja, na watu wawili wanaolipwa mshahara kwa wakati. Kimoja Kalemie, kimoja Lubumbashi.

Mtasema sheria ipo. Ndiyo, ipo. Amri-Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Sheria isiyokuwa na pipa wala daftari haimzuii mtu mwenye lori.

Mtasema hivyo ni vyuma vya Wajerumani na Wabelgiji, si urithi wa Mkongomani. Nani walikata njia ya Mitumba? Nani walibeba kuni za zile mashine, wakajenga madaraja kwa miti, wakavuta kamba? Ni watu wa hapa, na majina yao hayakuandikwa. Kitu kinachobaki kushuhudia kazi yao ni hiki kinachoyeyushwa. Na kisheria pia, meli ya kivita iliyozama kwa kawaida hubaki mali ya serikali iliyokuwa nayo, hata baada ya miaka mingi. Anayeuza kipande cha Hedwig von Wissmann anauza kisicho chake, na anayempa kibali anaiingiza nchi katika mzozo na Ujerumani usio na faida.

Mtasema ziwa ni kubwa, halilindiki. Ni kweli, kwa hiyo msililinde lote. Vitu vizito vina njia chache: gati la Kalemie, reli ya kupitia Kabalo na Kamina, barabara ya Pweto, yadi za vyuma chakavu za mjini, Kasumbalesa na uwanja wa ndege wa Luano. Afisa mmoja aliyefundishwa katika kila sehemu hizo anatosha kuanza.

Na mtasema kwamba sisi wenyewe tunanunua, kwa hiyo sisi ni sehemu ya shida. Mkusanyaji anayenunua bila kuuliza ni sehemu ya shida, naam. Ndiyo maana ombi la (d) hapa chini linatuhusu sisi kwanza.

Tunayoomba ni haya:

(a) Kusimamisha mara moja vibali vyote vya kuinua vitu kutoka meli zenye umri wa zaidi ya miaka 100 katika Tanganyika, Mweru na Lualaba, mpaka (b) na (c) vitimizwe. Vibali vilivyokwisha kutolewa vitangazwe, pamoja na majina ya wenye navyo na masharti ya malipo yao.

(b) Daftari moja, lenye yale mambo sita tuliyoyataja, lifunguliwe Kalemie na Lubumbashi, nakala moja ikae makumbusho. Mwananchi yeyote aruhusiwe kulisoma, isipokuwa alama kamili za mahali, ambazo zifichwe ili zisiwe ramani ya wezi.

(c) Vituo viwili vya maji kama tulivyovieleza. Mafundi wetu watawafundisha watumishi wenu bure, wiki mbili, kwa vitendo.

(d) Miezi sita ya kila mwenye kitu kukileta kiandikwe, bila faini na bila kunyang'anywa. Baada ya hapo, kitu kisicho na namba kisiuzwe, kisisafirishwe, kisitoke nchini.

(e) Malipo kwa mvuvi siku hiyohiyo, kwa bei ya kilo ya siku na nyongeza kwa anayeonyesha mahali bila kugusa kitu. Asiyegusa alipwe zaidi ya aliyevuta. Tukikosea hapo tutawafundisha watu wote kuvuta.

(f) Yadi za vyuma chakavu ziweke kando kwa siku 30 chochote cha shaba chenye maandishi, namba, vioo au umbo la chombo cha meli, na kupiga simu kwenye daftari kabla ya kukiyeyusha.

(g) Serikali kuu iombwe kutangaza hadharani msimamo wake juu ya Kifungu cha 28 cha Mkataba wa 2001, kinachoruhusu nchi kutamka kwamba kanuni zake zitumike pia katika maziwa na mito ya ndani. Kama tamko hilo halijatolewa, litolewe. Nchi yenye Tanganyika, Kivu, Mweru na mto Kongo haiwezi kuridhia mkataba wa chini ya maji ukahusu pwani yake fupi ya Atlantiki peke yake.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, lenye jina la mtumishi mmoja atakayewajibika kwa kila ombi. Tuko tayari kuja mtakapotuita, Lubumbashi au Kalemie, na kuleta mikusanyo yetu ili iwe ya kwanza kuandikwa katika daftari hilo.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zetu zote.

Wakusanyaji, mafundi na watunzaji wa vyombo vya meli za zamani,
Lubumbashi